Mdhamini Asiwe Jamaa

Mume wangu alikuwa na dawa moja ya kila jambo, nayo ilikuwa wiki ijayo. Wiki ijayo tutapaka nyumba rangi. Wiki ijayo nitakupeleka ukatazamwe hilo jino. Na kila nilipomkumbusha habari ya uraia wangu alivua viatu vya safari, akanyoosha miguu, akasema wiki ijayo inshallah, nikirudi kutoka Merti. Alikuwa dereva wa lori, akipeleka unga na sukari na mabati, na barabara ile ilikula siku zake zote. Miaka kumi na mmoja nikakaa Isiolo kwa pasi ya mke wa Mkenya, nikiirefusha kila ilipokaribia kwisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nilizoea kumwambia hivyo kwa mzaha. Kisha homa ikamshika huko huko njiani, akaletwa nyumbani hajitambui, na baada ya siku nne tukamzika.

Mimi nilizaliwa ng'ambo ya Moyale, upande wa pili wa mpaka, ambako lugha ni ile ile, koo ni zile zile, na ng'ombe hawajui kama wamevuka. Mimi ni Mborana na mume wangu alikuwa Mborana. Lakini pasi yangu iliandikwa kwa jina lake, na yeye alikuwa kaburini. Nilipewa muda wa kukaa, na muda wenyewe ulikuwa unakwisha kabla ya Ramadhani. Watoto wangu watatu ni Wakenya kwa baba yao. Mgeni katika ile nyumba yetu ya mtaa wa Wabera nilikuwa mimi peke yangu, mimi niliyezikandika kuta zake kwa mikono yangu.

Nilipomaliza eda, shemeji yangu alikuja kutoka Merti. Ni mtu mpole, hana neno baya. Alikunywa chai, akawashika watoto vichwa, halafu akaniambia kwa upole wake kwamba karatasi ikiisha nisihangaike, niende kwa mama yangu kwa amani, watoto atawalea pamoja na wake na hawatalala njaa. Laiti angenitukana, ningejua pa kumshika. Alisema kwa nia njema, na ndiyo maana nilikasirika. Nilimwambia watoto hawa watalelewa na aliyewazaa, na kwamba kabla pasi haijaisha nitakuwa raia wa Kenya kama yeye. Nilisema hivyo bila kujua hata mlango wa kubisha ni upi.

Siku hizo serikali ya kaunti ilikuwa bado ni jambo jipya. Kila mtu mjini alikuwa na binamu aliyepata kazi ya kaunti, na watu walidhani kila karatasi duniani sasa inatoka kwa gavana. Nilipoteza wiki nzima nikizungushwa na binamu za watu, kila mmoja akinihakikishia anamjua anayehusika. Uraia hautoki kwa gavana. Mwishowe nikaenda mwenyewe kwenye afisi ya uhamiaji, nikasimama dirishani, nikauliza. Karani, mwanamke mwenye haraka lakini si mbaya, akanijibu kwamba sheria inamruhusu mjane kuomba, kwa kuwa ndoa yangu ilikuwa imepita miaka saba. Akanipa fomu na orodha: cheti cha ndoa, cheti cha kifo, vyeti vya watoto. Na wadhamini wawili, yaani raia wa Kenya walionijua kwa miaka mingi, watakaofika mbele ya afisa na kusema mimi ni nani na tabia yangu ni ipi.

Nilitoka pale nikicheka peke yangu. Wadhamini! Vyeti ndivyo vilivyonitia hofu, maana cheti cha ndoa kilikuwa kimeliwa na mchwa upande mmoja. Watu ninao. Katika Wabera hii nisingeweza kwenda dukani nikarudi bila kusalimiwa mara ishirini.

Wa kwanza nilimchagua mwalimu mkuu wa shule wanakosoma watoto wangu, Mmeru mmoja makini aliyenijua tangu mtoto wa kwanza alipoingia darasa la chekechea. Wa pili sikuhitaji hata kufikiri. Kulikuwa na mzee wa mjini, mfanyabiashara wa mifugo aliyestaafu, mtu wa ukoo wangu. Nilipokuja kuolewa Isiolo nilikuwa sina baba karibu, na kwetu msichana haolewi kutoka mlango usio na mwenyewe. Mtu wa ukoo wako husimama mahali pa baba. Basi mzee huyu alisimama. Tumbaku na buni za kahawa za posa zilipelekwa kwake, yeye ndiye aliyezipokea, mtamba wa mahari uliingia boma lake kule Kulamawe, na nilitoka nyumbani kwake kwenda kwa mume. Miaka yote baadaye nikigombana na mume wangu nilikimbilia kwake, naye alinipa chai, akanisikiliza, na jioni akanirudisha. Nani angenijua zaidi yake?

Fomu ilikuwa na mahali pa kujaza uhusiano wa mdhamini na mwombaji. Chini yake kulikuwa na onyo kwamba mdhamini asiwe jamaa. Nikafikiri, huyu hakunizaa, wala hakuzaliwa na aliyenizaa, basi si jamaa. Nikaandika: rafiki wa familia. Naapa sikuona kwamba ninadanganya. Na kosa langu kubwa lilikuwa kwamba sikumwuliza mzee mwenyewe yeye angeandika nini.

Afisa wa mahojiano alikuja kutoka Nairobi. Karani alikuwa amenionya kwamba atakaa siku tatu tu, halafu aondoke, na hajui atarudi lini. Pale Isiolo niliwakuta wazee ambao bado wakisafiri kwenda kusini husema wanaenda Kenya, kana kwamba wao wako pengine, na nilipomwona kijana yule na shati lake lililopigwa pasi nikawaza kwamba Kenya yenyewe leo imekuja kwangu. Aliniuliza maswali yangu, nikajibu. Akamwita mwalimu mkuu, mambo yakaenda sawa, hata akatabasamu. Kisha akamwita mzee.

Mzee aliingia na kofia mpya, kanzu nyeupe na bakora yake. Aliapa vizuri. Afisa akamwuliza ananifahamu vipi. Mzee akajiweka sawa kwenye kiti na kuanza, na alianza tangu mwanzo, kwa sababu mtu mzima akiulizwa jambo la ndoa haanzii katikati. Akaeleza posa. Akaeleza nani alileta tumbaku, na buni zilikuwa nzuri kiasi gani. Akaeleza mtamba, rangi yake, na kwamba alizaa mara saba. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nisiweze hata kumkonyeza. Afisa aliacha kuandika. Akaichukua fomu yangu, akaisoma tena ile sehemu niliyojaza.

"Mzee," alisema, "wewe si mdhamini. Wewe ni mkwe wa marehemu."

Mzee alikubali kwa furaha. Ndiyo, alikuwa mkwe wake, na marehemu alikuwa mkwe mzuri sana.

Afisa hakuwa mtu mbaya, na nitalisema hilo popote. Alinieleza taratibu kwamba kuna mambo mawili. La kwanza, jamaa hawezi kumdhamini jamaa, kwa sababu jamaa atasema lolote. La pili, fomu yangu ilisema rafiki, na mtu mwingine angeita huo uongo akalifunga faili siku hiyo hiyo. Yeye angenichukulia kwamba sikuelewa. Akapiga mstari juu ya jina la mzee. Akanipa mpaka keshokutwa saa sita, siku yake ya mwisho mjini, nimletee raia mwingine aliyenijua si chini ya miaka saba na asiye jamaa yangu kwa damu, kwa ndoa, wala kwa desturi. Lile neno la mwisho alilisema polepole, akimtazama mzee.

Nje, mzee alisimama juani akaniangalia kama mtu aliyepigwa kofi msikitini. Nilikuwa na hasira naye, wallahi nilikuwa nayo, na alipoona hasira ile akaniuliza kitu kimoja tu.

"Ulitaka nikukane?"

Nikambusu mkono, nikamtafutia bodaboda, nikaanza kutembea.

Nilitembea Wabera nzima mchana ule na siku iliyofuata, na kila mlango niliobisha nilikuta ndugu. Mwenye duka la kona nilimjua tangu mwaka wangu wa kwanza. Alikuwa binamu ya mume wangu. Mama niliyeuza naye maziwa ya ngamia miaka sita, mwanawe alikuwa amemwoa mpwa wa mume wangu, na mimi ndiye niliyeunganisha. Mke wa ustadhi wa madrasa nilimwona kama jibu la dua zangu, mpaka yeye mwenyewe akanikumbusha, akilia, kwamba aliwahi kumnyonyesha mtoto wangu wa pili nilipougua, na maziwa ni undugu mbele ya Mungu. Nilipofika Isiolo sikuwa na mtu. Nikaanza kujijengea jamaa mmoja mmoja, kwa harusi, kwa uzazi, kwa kikombe cha maziwa, na nilikuwa nikijisifu kwamba nimekuwa mwenyeji kuliko wenyeji. Sasa wote walionipenda walikuwa hawafai. Waliobaki walikuwa watu wa juzi, waliohamia mwaka jana, ambao wangeniita mama fulani na hawajui jina langu.

Jioni ya siku ya pili nilikaa kwenye ngazi ya mlango wangu na kusema nimeshindwa. Nililisema kwa sauti, ili nilisikie linavyosikika. Halikunipendeza. Na nikiwa pale nikasikia ndoo ikigongwa upande wa pili wa ua, nikajua jina ambalo nilikuwa nimelikwepa siku mbili hizo.

Jirani yangu ni mwanamke wa Kiturkana, Mkristo, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, aliyefanya kazi ya dobi hospitalini mpaka mgongo ukamshinda. Tulianza kugombana mwezi niliohamia. Mimi nilikuwa na mbuzi wanne, yeye alikuwa na sukuma wiki, na ua katikati ulikuwa wa miiba mikavu. Haki ya Mungu, Kiswahili changu nimejifunzia kwenye ua ule. Nilikuja nikijua salamu na bei ya vitu tu, lakini huwezi kumjibu mtu matusi yake kwa salamu. Mwaka wa pili alinipeleka kwa naibu wa chifu, tukasikilizwa, tukaandikiana karatasi. Mimi nitafunga mbuzi wangu asubuhi mpaka jioni, na yeye hatawapiga mawe. Tulitia sahihi sote wawili, muhuri ukapigwa, na kwa muda mambo yalitulia.

Lakini hilo silo lililonizuia kwenda kwake. Miaka miwili kabla ya mume wangu kufa, mbuzi mmoja alikata kamba, akamaliza vitalu viwili. Jirani alikuja kusema, na alikuwa na haki ya kusema. Nami nikamjibu, mbele ya watu waliokuwa wanachota maji, kwamba mtu asiye na mtoto hana kazi ila kuwalinda mbuzi wa wenzake. Yeye hakupata mtoto kamwe. Aligeuka akaenda zake, na tangu siku ile hatukuwa tumesemezana, hata habari. Nilikuwa nimelijutia neno lile kabla halijamaliza kutoka, lakini kiburi changu kilikuwa kimekwisha kukaa kitako.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilijifunga leso nyingine kiunoni, nikazunguka mpaka kwenye lango lake, nikabisha hodi. Alitoka akasimama ndani ya lango, hakulifungua. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama pale barabarani: pasi, shemeji, watoto, mzee aliyepigwa mstari, kesho saa sita. Halafu nikamwambia kwamba hata asiponisaidia, lile neno nililomwambia lilikuwa ovu, nililijua ni ovu nilipokuwa nalisema, na ninaomba anisamehe. Nililia, na sikujifuta. Hakusema amesamehe.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Nikamwambia tufike saa tatu, tusiikaribie saa sita. Akaingia ndani.

Sikulala vizuri, na sidhani kuna mtu angelala. Asubuhi nilipita langoni kwake, nikaona limefungwa kwa kufuli. Nikasema moyoni, basi, amenilipa, na ni haki yake. Nilienda afisini hata hivyo, kwa sababu niliapa kwamba wakinitoa Kenya watanitoa nikiwa nimekaa kwenye kile kiti. Na kwenye benchi la nje nilimkuta, amevaa nguo zake za kanisani, mkoba mapajani, bahasha juu ya mkoba. Alikuwa amefika kabla afisi haijafunguliwa. Hakunisalimu.

Afisa alimwapisha. Akamwuliza kama sisi ni jamaa, na jirani yangu akacheka kicheko kifupi kilichotosha. Akamwuliza amenijua muda gani na ana uthibitisho gani. Jirani akafungua bahasha, akatoa ile karatasi ya naibu wa chifu, ya miaka tisa nyuma, majina yetu mawili, sahihi zetu mbili na muhuri. Mimi nakala yangu niliipoteza zamani. Afisa aliisoma mpaka mwisho, pamoja na habari ya mawe, na nikaona anauma mdomo ili asicheke. Kisha akauliza swali lililoandikwa kwenye fomu yake, kama mwombaji ni mtu wa tabia njema.

Jirani yangu aliiweka bahasha juu ya mkoba wake.

"Tabia yake si nzuri sana," alisema. "Ana mdomo. Aliniambia neno moja mbele ya watu, hilo nitazikwa nalo."

Afisa akashika kalamu. Mimi nikafumba macho, kwa kuwa yote aliyosema yalikuwa kweli, na alikuwa ameapa.

"Lakini nataka uandike na hili," akaendelea. "Siku ya maziko ya mume wake uwanja ulikuwa umejaa watu. Mimi sikuingia kumpa pole kwa sababu ya lile neno, nilichungulia tu kwenye ua. Maiti iko ndani. Huyu mama akatoka, macho yamevimba, akawafunga mbuzi wake mmoja mmoja, akajaribu kila kamba, akarudi kwa maiti. Hakuna aliyemwambia. Nani angemlaumu siku hiyo? Ni ile karatasi tu, na alikuwa ameisaini. Mtu kama huyo mkimwapisha kushika sheria ya Kenya, ataishika."

Mimi mwenyewe sikuwa nakumbuka. Wallahi siku ile siikumbuki, naona tu miguu ya watu na masufuria. Kumbe mikono yangu ilienda kufunga mbuzi, na kumbe kulikuwa na mtu aliyeniona. Nililia pale mbele ya afisa bila haya, na afisa akaandika, akaandika ukurasa mzima, akampa jirani yangu atie sahihi. Jirani alisoma kila mstari kabla ya kutia.

Tulipotoka nje nilimshika mikono yote miwili. Nilimwita dada yangu. Nikamwambia kuanzia leo yeye ni dada yangu wa tumbo moja, mbele ya Mungu wake na wangu. Akaivuta mikono yake upesi, akatazama nyuma kwenye mlango wa afisi.

"Nyamaza," akasema kwa sauti ya chini. "Usiniite hivyo. Wakikusikia watanipiga mstari."

Akatembea mbele yangu mpaka Wabera, hatua ishirini, na sikuthubutu kumfikia.

Faili lilienda Nairobi. Pasi yangu ikarefushwa wakati nikisubiri uamuzi wao, ikarefushwa tena, Ramadhani ikapita, na nyingine ikakaribia. Muda wote huo tulisalimiana uani, yeye akisema habari, mimi nikijibu nzuri, na hatukuongeza. Shemeji alikuja mara mbili, hakurudia yale maneno yake. Kisha nikaitwa. Niliapa kiapo cha utii nikiwa nimesimama wima, nikapewa cheti chenye jina langu mwenyewe, na nikarudi Isiolo usiku. Watoto walikigusa mmoja baada ya mwingine, nikawaambia waoshe mikono kwanza.

Asubuhi nilimwona jirani akiwa ameinama katikati ya sukuma zake. Nilienda mpaka kwenye ua, nikainua cheti juu akione, na nikamwita kwa sauti iliyowafanya wachota maji wote wageuke.

"Dada!"

Akanyooka polepole, mkono mgongoni, akaitika.